Kidonda Kilichongoja Safari

Fundi viatu alikuwa na kazi nyingi asubuhi ile. Chumba cha mbele kilinuka gundi na ngozi mpya. Mke wake alikaa karibu na dirisha, akishona kiatu cha shule kilichoachama mdomo. Baba yake mzee alikaa kwenye kigoda, akinyoosha misumari iliyopinda kwa nyundo ndogo. Hakuna aliyemwomba. Alipenda tu kusaidia.

"Baba, lete mguu," fundi alisema. "Nataka kukukatia viatu vipya."

"Tumia kipimo cha zamani."

"Miguu hubadilika, Baba."

"Yangu imestaafu. Haibadiliki tena."

Fundi alicheka. Mke wake hakucheka. Aliona kuwa mzee amevaa soksi, na jua lilikuwa kali. Alipiga magoti mbele yake.

"Baba, niruhusu."

Soksi ilikuwa imegandana na ngozi. Aliilowesha kwa maji ya uvuguvugu, akaivua bila kuivuta. Chini ya kidole gumba kulikuwa na kidonda. Kilikuwa kinatoa usaha.

Fundi aliangusha kisu chake. Baba yake alikuwa na kisukari, na mtu mwenye kisukari anaweza kukatwa mguu kwa sababu ya kidonda kilichoanza kidogo.

"Mbona hukusema, Baba? Bima si tunayo?"

Mzee alitazama sakafu. "Bima ni ya hospitali ya mjini, mwanangu. Kufika kule ni safari ya kutwa nzima. Ufunge duka, utafute nauli, tutafute pa kulala. Nacho kilikuwa kidogo. Nikasema, ngoja kikue, kifae safari."

Fundi aliokota kisu chake. Yeye ndiye aliyeichagua kadi ile ya bima. Kijiji chao hakikuwa na hospitali, kilikuwa na zahanati tu. Wakala wa bima alipokuja sokoni, aliwaonyesha picha ya hospitali ya ghorofa, yenye vitanda vinavyojiinua vyenyewe. Mke wake aliuliza, "Na zahanati yetu inaipokea kadi hii?" Fundi alimkatiza. "Zahanati ni ya kikohozi, mama watoto. Bima ni ya ugonjwa mkubwa."

Sasa alimpakia baba yake kwenye baiskeli, akaisukuma polepole hadi zahanati. Mke wake alitembea kando, ameushika mguu wa mzee usigonge chuma.

Nesi alikuwa jirani yao. Alimpa mzee kiti chake mwenyewe, naye akachuchumaa. Alimpima sukari, akakiosha kidonda. Tabibu alikiangalia, akatoa dawa.

"Hakijafika kwenye mfupa," nesi alisema. "Mguu utapona, Mzee wangu, ukija kusafishwa kila siku."

Fundi alitoa kadi. Nesi aliigeuza, akamrudishia kwa mikono miwili.

"Kaka, hii hapa haifanyi kazi. Itabidi mlipe wenyewe."

"Kumbe mimi nilinunua picha!"

"Usijilaumu. Hospitali kubwa nayo mnaweza kuihitaji. Ila wewe ulianzia mwisho. Anzia hapa: mkiamka mnaumwa, mnaweza kufika wapi? Nendeni pale, muulize wanapokea bima zipi. Kisha mwulizeni wakala: kisukari ambacho Baba anacho tayari, mtakilipia? Kuanzia lini? Na kama zahanati itampa rufaa, ni hospitali gani itampokea kwa kadi hii? Gari la kumpeleka analipia nani?"

"Mawakala husema ndiyo kwa kila kitu," mke wa fundi alisema.

"Mwambie akuonyeshe palipoandikwa. Maneno yakiwa magumu, nileteeni tusome pamoja. Na kadi hii msiiache mpaka mpya ianze kufanya kazi."

Kila siku mzee alipelekwa zahanati. Fundi alimkatia viatu vipana, vyenye soli laini ndani. Kidonda kilianza kufunga.

Muda wa kadi ya zamani ulipokaribia kwisha, walikwenda kwa mawakala. Safari hii fundi alinyamaza, akamwachia mke wake aulize. Wakala wa kwanza alizungukazunguka tu lilipotajwa gari la rufaa. Wa pili alifungua kijitabu, akawaonyesha mstari kwa mstari. Kadi yake ilipokelewa zahanati. Ilipokelewa pia katika hospitali ya wilaya kwa rufaa, na gari la kumpeleka mgonjwa lingelipiwa. Matibabu ya kisukari yangelipiwa baada ya miezi michache ya kungoja. Haikuwa na chumba cha peke yako.

"Sisi wenyewe nyumbani tunalala kwa zamu," mzee alisema. "Chumba cha peke yangu nitaogopa."

Walichagua hiyo, wakavumilia ile miezi ya kungoja.

Siku moja, kadi mpya ikiwa imeshaanza kazi, fundi hakumwona baba yake kwenye kigoda. Alimkuta zahanati. Mzee alikuwa amekwenda mwenyewe, kwa miguu yake miwili. Nesi alikuwa ameinama na tochi, akitafuta kati ya vidole vyake.

"Mzee wangu, ndiyo hiki? Hiki nacho ni kidonda?"

"Ndicho, binti yangu. Nimekileta kabla hakijaota meno."

Nesi alicheka, akachukua pamba.