Mkanda Uliogeuzwa

Harufu ya udi ilianza kusikika mchana kweupe ndani ya chumba cha kukatia mikanda, ambamo hata sigara ilikuwa marufuku, maana mikanda ya sinema ya miaka ile ilishika moto upesi kuliko petroli. Orie, mkataji wa mikanda, alipekua kila kona asione kitu. Alijua ilianza siku Mwalimu Iwakura alipomwamuru ageuze kipande kimoja cha mkanda.

Iwakura ndiye alikuwa mwongozaji mkuu wa studio yetu hapa Kyoto, mtu aliyejaa majivuno hadi kofia haikumkaa. Sinema yake ya mapenzi iliishia stesheni: kijana anaondoka na treni, mpenzi wake anabaki akimtazama. Fundi wa mafundi akasahau treni inaelekea wapi. Chigusa, mwigizaji wake, akapigwa picha akitazama kulia ilhali treni iko kushoto. Mwenye akili angerudia. Yeye akasema uso ule haupatikani mara mbili, mkanda ugeuzwe tu. Ukageuzwa, Chigusa akatazama kushoto. Lakini na kimono yake, lile joho la Kijapani la kukunjia mbele, ikageuka, upande wa kulia ukawa juu ya wa kushoto, jinsi wanavyovikwa maiti peke yao.

Studio nzima iliona. Studio nzima ikainama na kusifu, waoga wale, kwa sababu kumsahihisha Mwalimu ilikuwa kutafuta kufukuzwa.

Chigusa akaanza kunyauka. Mikono ilimpoa, chakula kikamshinda, na kila alipofunga kimono yake vizuri, akifika mlangoni aliikuta imejigeuza. Orie alipomnong'oneza habari ya mkanda, Chigusa alikwenda kwa Iwakura.

"Mwalimu, nakuomba ukitoe kile kipande. Kuna mtu ananivisha."

Iwakura hakuinua hata macho. "Wewe ni uso tu, Chigusa. Roho nakutilia mimi."

Akawaita wote waitazame sinema, awaaibishe kwa ushirikina wao. Mkanda ulikuwa bado haujatiwa sauti. Lakini ilipofika stesheni, vikasikika viatu vya mti, ko, ko, ko, na yule Chigusa wa kwenye picha akaacha kuitazama treni, akageuza shingo polepole kuelekea viti vilivyokaliwa na watu, na mlio wa viatu ukashuka kutoka ukutani penye picha, viatu visionekane, vikapita safu ya mbele huku udi ukiwakaba watu koo, vikapita kwa Orie aliyefumba macho asithubutu kupumua, hadi vikasimama nyuma ya kiti cha Chigusa aliye hai, naye akaanguka bila kutoa sauti.

Mtawa wa hekalu la jirani aliitwa. Alisoma maombi yake mpaka jasho likamtoka, kisha akaagiza kipande kichomwe pamoja na nakala zake zote.

"Yule mfu aliyekuwa akimvisha huyu dada ametoka," alisema kwa sauti ya chini. "Atakayeficha hata nakala moja, huyo ndiye atakayevishwa."

Orie alikichoma uani, na ndani ya moshi mwanamke akaguna. Chigusa akafumbua macho, akaomba uji wa mchele. Iwakura alisimama pembeni akicheka, nakala moja ikiwa ndani ya koti lake. Bwana yule angemtoa mama yake mzazi kabla ya kutoa picha nzuri.

Siku ya uzinduzi aliirudisha nakala ile mahali pake katika sinema, na ukumbi mzima ulilia penye stesheni. Taa zilipowaka alipanda jukwaani, amevaa kimono yake nyeusi ya heshima, akainama ashangiliwe. Watu wakanyamaza. Udi ulinuka hadi mlangoni. Upande wa kulia wa kimono ulikuwa juu ya wa kushoto, na nyuma yake mkono mweupe wa mwanamke ulikuwa unamnyoosha ukosi taratibu.

Orie alifungua kinywa amwambie, akakumbuka kwamba Mwalimu hasahihishwi, akakifunga.

Iwakura aliendelea kutabasamu, akisubiri. Chigusa ndiye alikuwa wa kwanza kupiga makofi.