Msiba Nyuma ya Ukuta

Kila Jumamosi Sada, mwanafunzi wa darasa la sita, alifagia uwanja wa nyumba yao ya Kongowe na kumalizia mlangoni kwa mpangaji wao, Margareta, fundi cherehani. Siku zote Margareta alimtania kuwa ni mvivu. Jumamosi hiyo cherehani ilikuwa kimya, na Margareta alikaa sakafuni, simu mapajani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Watu wenye bunduki wamevamia kijiji chetu, kule ng'ambo ya ziwa. Wameua watu wengi. Dada yangu yumo katika waliouawa." Akamshika mkono. "Usimwambie mtu. Leo ni shughuli yenu, na msiba wangu uko mbali. Niahidi."

Sada akaahidi. Siku hiyo dada yake Raudha, aliyekuwa mwali, alikuwa anatolewa nje baada ya kuwekwa ndani na kufundwa, na wageni walikuwa wamefika kutoka Kurui tangu jana. Gauni la mwali alilishona Margareta mwenyewe.

Spika ikafunguliwa, vigelegele vikapanda. Kila wimbo ulipokwisha, kabla mwingine haujaanza, Sada alisikia kwikwi nyuma ya ukuta. Akisema, amevunja ahadi na kumharibia dada yake siku yake. Akinyamaza, anacheza ngoma juu ya maiti za watu. Wenzake walimvuta acheze, akajitoa huku akilia.

"Una nini wewe?" aliuliza Shangazi Kidawa, kungwi wa shughuli, mkali kama pilipili.

"Sina kitu, shangazi."

"Huna kitu ndiyo unalia?"

Sada akasema yote, akingoja kugombezwa. "Lakini ni mbali, shangazi. Sisi tungefanya nini?"

Shangazi akaenda mwenyewe kuzima spika. Wageni wakanung'unika, Raudha akanuna.

"Jirani yetu kafiwa," alisema Shangazi, na manung'uniko yakaisha.

Mikeka ikahamishiwa mlangoni kwa Margareta. Pilau ya shughuli ikawa chakula cha msiba. Raudha naye akaja na gauni lake jipya, akakaa karibu na aliyelishona. Hapo ndipo Margareta alipolia kwa sauti, wanawake wamemzunguka.

"Nimevunja ahadi," Sada alinong'ona.

"Umevunja, na utamwomba radhi," alisema Shangazi. "Lakini sikiliza, mwanangu. Ukishajua kwamba watu wanauawa, huwezi kuendelea kama mtu asiyejua. Bunduki za kule hatuna uwezo wa kuzinyamazisha. Spika ilikuwa yetu."