Mkunjo wa Bi Mwantumu

Rafiki yetu Zefania, fundi wa mitambo, alipelekwa kiwanda cha chai cha Bulwa kufunga mkanda mpya wa kufungashia chai. Kabla ya mkanda huo pakiti zilifungwa kwa mikono na akina mama. Aliyewafundisha wote alikuwa Bi Mwantumu, aliyezikwa mwezi uliopita. Yeye kila pakiti aliikunja pembe ya kushoto kwa dole gumba.

“Miaka thelathini mtu anakunja karatasi,” Zefania aliwacheka. “Mkanda huu hauombi hata ruhusa ya msiba.”

Husna, mmoja wa akina mama hao, ndiye aliyemwosha marehemu. Akawatoa wenzake nje.

Saa sita mchana ukungu ulishuka, umeme ukakatika. Mkanda ukasimama gizani. Zefania akasonya. Ndipo akasikia karatasi ikikunjwa taratibu, kisha nyingine.

“Mama zangu, acheni utoto.”

“Tuko huku nje wote, mwanangu,” Husna akajibu kwa mbali.

Umeme uliporudi, pakiti zote mkandani zilikuwa zimekunjwa pembe ya kushoto. Zefania akabetua midomo, akachana katoni ambayo mashine iliifunga kwa gundi tangu asubuhi. Humo nazo zilikuwa hivyo hivyo, isipokuwa moja ya chini kabisa. Pembe yake ilikuwa bado inainama, polepole.