Maneno Yaliyosikika Saluni kwa Noreen

Kila siku baada ya shule, Hettie Ackroyd alipitia saluni ya shangazi yake, Noreen. Alifagia nywele sakafuni, akakunja taulo, kisha akapewa kikombe cha chai na biskuti mbili. Saluni ilikuwa karibu na soko la Todmorden, mji mdogo wa Uingereza. Wateja wake wengi walikuwa akina bibi waliokuja kuoshwa nywele na kufungwa rola, nao walizungumza tangu wanaingia mpaka wanatoka.

Wiki hiyo ya Machi, Hettie alikuwa na kazi nyingine. Mwalimu Ogden, aliyewafundisha Kiingereza, aliwapa zoezi la siku tano juu ya kitenzi kimoja kidogo: have.

"Mnakitumia mpaka hamkisikii tena," aliwaambia. "Hatukitumii tu kusema tuna kitu. Kitenzi hicho hicho tunakiunganisha na chai tukitaka kunywa, na bafu tukitaka kuoga. Tunakiunganisha na kicheko, na usingizi wa mchana, hata na ugomvi. Nendeni mkasikilize watu wanakiunganisha na nini. Andikeni neno lenyewe, nani kalisema, na wapi. Ambalo masikio yenu hayakulisikia, msiliandike."

"Kwani kwenye kamusi hayapo, Mwalimu?" aliuliza Farzana, aliyekaa dawati moja na Hettie.

"Yapo. Lakini kamusi haijui hapa kwetu wanasema lipi zaidi. Tutajumlisha madaftari yote thelathini, tuwapelekee watunga kamusi. Wameahidi kuchapisha hesabu yetu katika jarida lao, na majina yenu chini yake."

Hettie alilishika hilo la majina. Hakuwa mwepesi wa hesabu wala wa mbio. Jina lake halijawahi kubandikwa popote shuleni, ila kwenye orodha ya waliosahau viatu vya michezo.

Jumatatu alianza kwa bidii. Alisimama na ufagio mkono mmoja, penseli mkono mwingine.

"Noreen mpenzi, naweza kukaa?" aliuliza bibi mmoja mlangoni.

"Kaa, kiti hakiumi. Chai utakunywa?"

"Chai lini nimeikataa mimi?"

Hettie akatia alama kwenye mstari wa chai. Siku hiyo alipata maneno kumi na manne, na Jumanne kumi na saba. Lakini Jumatano ulifunguliwa uwanja mpya wa kuteleza kwa magurudumu nyuma ya maktaba. Hettie akaenda huko, na Alhamisi, na Ijumaa pia.

Jumapili alasiri alifungua daftari akakuta kurasa tatu tupu. Kwa kuwa bibi wote hulala mchana, aliwaza, bila shaka wanausema huo usingizi. Akauandika mara ishirini na sita, akibadilisha majina ya wateja ili ipendeze.

Jumanne Mwalimu Ogden aliandika hesabu ya darasa zima ubaoni. "Nilidhani chai itaongoza," alisema. "Kumbe usingizi wa mchana umeipita kwa tisa!"

Darasa lilicheka. "Mji wa wasinziaji!" alipiga kelele mtu wa nyuma.

Farzana peke yake hakucheka. Alikuwa amekaa siku zote tano katika duka la vitambaa la mjomba wake. Wakati wa chakula cha mchana aliusukuma mkate wake pembeni.

"Mimi usingizi nimeusikia mara moja tu," alisema. "Na wewe, nimeona daftarini mwako, umeusikia kila saa. Labda masikio yangu mabovu. Nitamwomba Mwalimu alitoe daftari langu kabla barua ya watunga kamusi haijaondoka saa tisa na nusu. Nisije nikawaharibia."

Hettie alimtazama. Farzana alikuwa anasema kweli. Alikuwa tayari kutupa kazi ya siku tano.

"Usilitoe," Hettie alisema. "Wewe hujakosea. Mimi nimetunga."

"Umetunga nini?"

"Usingizi wote. Ishirini na sita."

"Wee Hettie! Hata yule Bi Pickles aliyekoroma chini ya kikausha nywele?"

"Hata yeye."

Farzana alifumba macho kidogo. "Twende kwa Mwalimu. Mimi nitasimama mlangoni tu. Kusema, utasema mwenyewe."

Mwalimu Ogden alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. "Uliyoyasikia kweli ni mangapi?"

"Thelathini na moja."

"Basi hayo ni yako. Mengine yafute kwa mkono wako, halafu uwaeleze wenzako. Barua itasubiri mpaka Jumatatu. Nafasi ya kusikiliza bado unayo."

Kuwaeleza wenzake kulikuwa kugumu. Mpaka Ijumaa walimwita Msinziaji. Jumamosi asubuhi aliketi saluni na daftari lake, na hakwenda kuteleza hata jua lilipowaka.

Karibu na saa sita aliingia Bi Sugden, ambaye hakuonekana hapo tangu amzike mumewe wakati wa baridi. Noreen aliacha kitana.

"Karibu, mpenzi. Hali vipi?"

"Asubuhi nimelia kidogo," alisema Bi Sugden akivua koti. "Basi, yamekwisha. Nitengeneze nywele, nafanana na ufagio."

Kwa Kiingereza chake, kilio hicho kidogo nacho alikiunganisha na kitenzi kile kile cha chai na bafu. Hettie alikisikia vizuri, lakini penseli haikusogea.

"Bi Sugden," alisema taratibu, "ninaandika maneno ya watu kwa ajili ya shule, na yatatoka kwenye jarida. Naweza kuandika hilo la kilio? Jina sitaliandika."

Bi Sugden alimwangalia kwenye kioo. "Andika. Na jina uweke. Marehemu Ron wangu angefurahi nikitoka kwenye jarida."

Jumatatu hesabu ilirudiwa. Chai iliongoza kwa wingi, na katika madaftari yote thelathini kilio kidogo kilikuwa na alama moja tu. Mwalimu Ogden aliisoma alama hiyo mara mbili.

"Mimi nisingelifikiria hili," alisema. "Ukitunga, Hettie, unaandika yale unayoyajua tayari. Ukisikiliza kweli, watu wanakupa usiyoyajua. Na ulipokubali kosa mapema, uliokoa kazi ya wenzako wote. Ningependa kila mmoja wenu akumbuke hilo kuliko hesabu yenyewe."

Kisha akamkabidhi Hettie bahasha ya watunga kamusi. Hettie na Farzana wakatoka nayo pamoja kuelekea posta.