Kifuniko cha Chumvi na Gari la Mashindano

Kila mchana Sarrah alirudi nyumbani kula, na kila alasiri, masomo yakiisha, alipitia karakana ya Fundi Jaffar, mchonga milango katika kichochoro kilicho nyuma ya barabara ya Ndia Kuu. Huko, pembeni mwa meza, lilimngoja gari lake. Lilikuwa mfano wa gari la mashindano la zamani, lenye pua ndefu. Kila sentimita yake moja ilikuwa sawa na sentimita ishirini za gari lenyewe. Bodi alilichonga kwa kipande cha mti wa msaji, na spoki za magurudumu akazikunja kwa waya wa simu. Jumamosi lingeingia katika maonyesho ya shule.

Lilipungukiwa na kitu kimoja tu, wavu wa rejeta mbele ya pua. Sarrah alijaribu bati likapinda, akajaribu wavu wa dirisha, nao ukawa na matundu makubwa mno.

"Gari lako bado kibogoyo," Fundi Jaffar alimtania.

Jumatatu, baada ya chakula, Sarrah alikiona kifuniko cha kibakuli cha chumvi kimeanikwa jikoni. Kilikuwa cha fedha, chenye vitundu vidogo kama vya chujio. Alijiambia kwamba watu hutazama chumvi, hawatazami kifuniko. Alasiri hiyo alikikata kwa mkasi wa bati. Kilikaa kwenye pua ya gari kana kwamba kilizaliwa nalo. Fundi alipouliza kilikotoka, alijibu kwamba nyumbani hakikuwa na kazi.

Hakusema kweli. Kwao hakuna aliyetia tonge kinywani kabla ya kuonja chumvi. Waliketi kuizunguka sinia moja, na Sarrah, aliye mdogo kuliko wote, ndiye aliyekizungusha kibakuli. Jumanne bibi yake, aliyemwita Dadi, alikitazama kibakuli kile kikiwa wazi. Kifuniko hicho Dadi alipewa na mama yake siku ya harusi yake.

Aliyeulizwa alikuwa Rosebella, mama wa watoto wawili aliyekuja kila siku kutoka mtaa wa Majengo kuosha vyombo. Alijibu kwamba alikiosha, akakianika, asikione tena. Jumatano kabati la vyombo likafungwa kwa ufunguo. Alhamisi asubuhi, Sarrah akisikia, mama yake alimwambia Rosebella kwa upole kwamba kuanzia Jumatatu asije tena.

Sarrah aliporudi mchana alimkuta akikunja aproni yake. Rosebella alimwuliza gari limefika wapi.

"Limekwisha, dada."

"Ukishinda uniletee habari. Wanangu kila siku huniuliza."

Maneno hayo yalimchoma Sarrah kuliko tusi. Alikizungusha kibakuli. Baba akaonja, mama akaonja, Dadi akaonja. Zamu yake ilipofika, kidole kilisimama juu ya chumvi.

"Mbona huonji, mwanangu?" Dadi aliuliza.

"Siwezi, Dadi. Kifuniko nilikichukua mimi. Nimekikata, kiko kwenye gari."

Hakuna aliyegusa chakula. Dadi aliinuka polepole, akaenda mwenyewe jikoni kumwita Rosebella. Mbele ya wote alimwambia kwamba yeye ndiye aliyelifunga kabati, akamwomba radhi. Mama yake Sarrah naye akaomba radhi, akamsihi asiache kazi. Sarrah alipiga magoti mbele ya Rosebella.

"Nimesamehe," Rosebella alisema. "Ila ufunguo huo utoke kabatini, Mama. Siwezi kuosha vyombo vya watu wanaonifungia."

Ufunguo ukatolewa saa ile ile.

Alasiri Sarrah alimweleza Fundi Jaffar ukweli, akaung'oa wavu kwa koleo, akaurudisha nyumbani. Jumamosi gari likasimama kwenye maonyesho likiwa kibogoyo, likawa la tano. Rosebella alikuja na wanawe wawili, wakalizunguka mara tatu.

Mchana huo Dadi alikirudisha kifuniko juu ya kibakuli, ukingo wake umekatika, vitundu vimepindana.

"Fundi wa fedha anaweza kukitengeneza, Dadi," Sarrah alisema.

"Kiache hivyo hivyo. Kifuniko ni kitu, na vitu huharibika. Lakini kwa siku tatu mtu mwema alibeba kosa lako, na siku hizo hazing'oleki kwa koleo. Ukikosea, mwanangu, sema siku hiyo hiyo, kabla kosa halijapanda mgongoni mwa mwingine. Haya, zungusha chumvi."

Sarrah alikizungusha kibakuli. Zamu yake ilipofika, akaonja.