Sumaku Kifuani mwa Awinja

Makhanu aliketi uani akinoa panga la kukatia miwa. Tupa ilikwaruza, kwaru, kwaru, na unga wa chuma ukamwagika chini. Jikoni, mkewe Awinja alikuwa akichemsha chai. Ndani ya nguo, juu ya titi la kushoto, alikuwa amefunga sumaku kwa kitambaa.

Daktari alimwambia ana saratani, aanze dawa ya mshipani mara moja. Lakini maskini Awinja aliogopa. Alikuwa amemwona wifi yake akitapika kwa dawa hiyo mpaka akakonda kabisa. Kisha akasikia redioni kwamba wataalamu wanatafuta njia ya kuvuta dawa kwa sumaku mpaka palipo na ugonjwa. Basi akang'oa sumaku ya spika ya redio hiyohiyo. Hospitali akaipa kisogo! Akawa anameza vidonge vya maumivu na kungoja. Uvimbe ukazidi.

Asubuhi hiyo jirani yao Cherono, muuguzi, alikuja kumjulia hali. Alipomkumbatia, kitu kigumu kikamgonga.

"Mama Beverly, ni nini hiki?"

Awinja aliona haya, akaitoa. "Ni sumaku, Sista. Inavutanga dawa."

Cherono hakumcheka. Alichukua kidonge kimoja cha Awinja, akakisogezea sumaku. Kidonge kimya! Akatoka naye uani, akaisogeza kwenye unga wa chuma chini ya tupa. Lo! Unga ukaruka, ukaganda.

"Umeona? Sumaku huvuta chuma. Kidonge chako hakina chuma."

"Kumbe redio ilidanganya?"

"Hapana. Wataalamu hutengeneza punje za chuma, ndogo hata jicho halizioni. Huzivika ganda kama la plastiki, lenye dawa. Sumaku huzivuta hadi kwenye ugonjwa, na ganda huachilia dawa polepole. Lakini bado wanazijaribu. Uvimbe wako hautazingoja."

"Naogopa, Sista. Watoto nitamwachia nani?"

"Ndiyo maana twende. Siku hizi kuna dawa ya kupunguza kutapika. Nitakusindikiza."

Makhanu aliweka panga chini. "Miwa itangoja. Twende sote."

Awinja alianza matibabu. Nywele zilianguka, naye akalia sana. Siku nyingine hata chai haikupita. Lakini hakukosa hata mara moja. Mwishowe daktari akampapasa, akatabasamu: uvimbe umepungua, sasa unaweza kutolewa.

Waliporudi nyumbani, Makhanu aliiokota sumaku. "Nikufungie tena?" akamtania.

Awinja alicheka mpaka kilemba kikamtoka. "Hiyo ishike tupa yako, Baba Beverly! Mimi kesho nina daktari."