Mashine Iliyomtoa Ami Abdulkadir Msikitini

Kila asubuhi ya likizo, Afiya alianza kwa kufuta vumbi. Kituo cha mafuta cha mama yake kilikuwa kando ya barabara ya kwenda Mambrui, na vumbi la barabara ile halikuwa na adabu. Liliingia dukani, likakaa juu ya mikate, juu ya pakiti za maziwa na juu ya makopo ya oili. Afiya alifuta rafu, akapanga chupa za maji kwenye friji, kisha akasimama mlangoni kuwatazama wahudumu wakijaza petroli kwenye bodaboda na tuktuk.

Alipenda kuwatazama hasa siku ya Ijumaa. Adhuhuri ilipokaribia, Ami Abdulkadir, mkubwa wa zamu, alivua koti la kazi, akatawadha kwenye bomba nyuma ya duka, akavaa kanzu na kwenda msikitini. Wahudumu wenzake, Sidi na Thoya, walishika kazi yake bila kuambiwa. Jumapili, wao walipokuwa kanisani, Ami Abdulkadir aliwashikia zao. Hakuna aliyewahi kuwapangia utaratibu huo. Walijipangia wenyewe, na haukuwahi kuleta ugomvi. Wateja waliupenda, kwa kuwa kituo kile hakikufungwa saa ya swala wala saa ya ibada.

Mwaka huo Bi Fahima, mama yake Afiya, aliamua kununua mashine mpya ya mauzo. Ile ya zamani ilijumlisha na kutoa risiti tu. Haikujua ni petroli kiasi gani imetoka kwenye pampu, wala ni bidhaa gani zimebaki dukani. Lakini Bi Fahima hakuwa mtu wa kununua kwa kuvutiwa. Wauzaji wawili walipomjia na karatasi zao za rangi, aliwaambia kwamba kila mmoja alete mashine yake ifanye kazi kituoni wiki nzima, pamoja na Ijumaa yake. Asiyetaka aende zake.

Mashine ya kwanza ililetwa na Pola, msichana wa Watamu. Ilikuwa ndogo, ya kijivu, yenye vitufe vikubwa na maandishi tu, bila picha. Kila mfanyakazi alipewa kadi yake. Akiitia, mashine inajua ni yeye anayeuza. Akiichomoa, kazi yake imekwisha na mwingine anatia ya kwake. Afiya alisema mashine ile ilifanana na redio ya babu.

"Redio hii haiimbi, mdogo wangu," Pola alimjibu akicheka, "lakini hata mtandao ukipotea, haisimami."

Wiki ya mashine hiyo ilipita bila tatizo, pamoja na Ijumaa yake. Ya pili ililetwa na Bwana Kioko, na Afiya aliipenda tangu ilipotolewa kwenye boksi. Skrini yake ilikuwa pana na yenye kung'aa, na kila bidhaa ilikuwa na picha. Ukigusa picha ya mkate, mkate umeuzwa. Asubuhi ilipowashwa ilionyesha maua na salamu. Wiki haijafika katikati, Afiya alikuwa amekwisha kuwatangazia rafiki zake wa shule kwamba hiyo ndiyo itakayonunuliwa, na waje waione.

Ijumaa ilipofika, Bi Fahima alikuwa na mkutano Kilifi. Kabla ya kuondoka alimwita Afiya.

"Usiguse mashine," alimwambia. "Kazi yako ni kutazama. Nataka kujua wanavyopokezana saa ya swala, kwa sababu hapo ndipo nitakapoijua mashine hii. Nikirudi uniambie ulichokiona."

Afiya alikubali, akajiona mtu mkubwa.

Adhuhuri ilikaribia, na Ami Abdulkadir, akiwa tayari amevaa kanzu yake, aligusa skrini ili afunge mauzo yake na kumpisha Sidi. Duara dogo likatokea katikati ya skrini, likaanza kuzunguka. Mtandao ulikuwa mzito siku hiyo. Nje foleni ya tuktuk ilirefuka, na madereva wakaanza kupiga honi. Adhana ikasikika. Ami Abdulkadir alimwambia Sidi angoje mashine imalize, kisha aingie kwa jina lake mwenyewe, akaondoka kwa haraka.

Duara likaendelea kuzunguka. Dereva mmoja alichungulia dukani, akauliza kama leo petroli inauzwa au inaombewa. Watu wakacheka, lakini Afiya hakucheka. Aliona wazi kwamba mama akisikia habari hii, mashine yenye maua itarudishwa. Basi aligusa alama ya kurudi nyuma. Duara likatoweka, picha zikarudi, na juu kabisa likabaki jina la Abdulkadir.

"Uza tu hivyo hivyo, Dada Sidi," alisema. "Si ni mashine ile ile?"

Sidi alisita. Akaitazama foleni, akauza.

Baadaye kidogo Thoya alizidiwa pampuni, na Sidi akatoka kwenda kumsaidia. Hapo akaingia Mama Kabibi, mpika mahamri, akitaka mtungi mkubwa wa gesi. Alilipa kwa simu, na Thoya akakimbia kumtolea mtungi kwenye kizimba cha gesi. Kaunta haikuwa na mtu. Afiya alinyoosha kidole, akagusa picha ya mtungi. Picha za mitungi zilikuwa mbili, zimefanana sana, na yeye hakuzitazama mara ya pili.

Jioni mama aliporudi alimuuliza mambo yalivyokwenda.

"Vizuri, mama. Foleni haikusimama."

Ni kweli kwamba haikusimama, tangu yeye alipoigusa mashine. Bi Fahima alimshukuru, akasema basi Bwana Kioko aje kesho na mkataba wake. Afiya alilala na furaha, ila ilikuwa furaha yenye kimwiba ndani yake.

Asubuhi Bwana Kioko alifika mapema, shati limepigwa pasi vizuri, kalamu mfukoni. Bi Fahima alimwomba asubiri kidogo. Alitaka kulinganisha mashine na vitu vilivyomo dukani, kisha atie saini. Mikate ilikuwa sawa. Oili ilikuwa sawa. Alipofika kwenye kizimba cha gesi alisimama. Mtungi mkubwa mmoja haukuwepo, na mashine haikusema kwamba umeuzwa. Ilisema umeuzwa mdogo, Ijumaa, saa ya swala. Muuzaji: Abdulkadir.

Sidi alikuwa amekwenda arusini kijijini Adu, na zamu ya Thoya ilikuwa ya mchana. Ami Abdulkadir ndiye aliyekuwepo, akaitwa.

"Kaka Abdulkadir, mtungi mkubwa ulimpa nani kwa jina la mdogo?"

"Mtungi upi, Bi Fahima? Saa hiyo nilikuwa msikitini."

Bwana Kioko aliigeuza skrini imwelekee. "Mzee, mashine haidanganyi. Jina lako ndilo hili."

Ami Abdulkadir alilitazama jina lake. Hakupaza sauti wala hakumtafuta mtu wa kumlaumu. Afiya alimjua kuwa ni mtu ambaye, akiokota kibiriti cha mteja, humfuata nacho hadi barabarani. Sasa alisimama mbele ya mgeni kama mtu aliyeshikwa.

"Basi mashine imenitoa msikitini," alisema taratibu. "Lakini kama mtungi umepotea katika jina langu, mimi ndiye nitakayeulipa. Asiulizwe kijana yeyote."

Afiya alimwona mama yake akimtazama Ami Abdulkadir, kisha skrini, kisha Ami Abdulkadir tena. Akaona pia kalamu ya Bwana Kioko juu ya mkataba. Akingoja kidogo tu, mashine aliyoipenda ingekuwa yao. Na mtu huyu angelipa mtungi ambao hakuuona.

"Mama, ni mimi," alisema.

Akaeleza yote: duara, honi, jina alilolirudisha, mtungi wa Mama Kabibi, na kidole chake. Hakuruka hata kipande kimoja.

Bi Fahima alifungua simu yake. Ujumbe wa malipo ya Mama Kabibi ulikuwapo, bei ya mtungi mkubwa kamili. Hapakuwa na kilichopotea.

"Mtake radhi ami yako kwanza," alimwambia Afiya. "Mimi na wewe tutazungumza baadaye."

Afiya alimwendea Ami Abdulkadir, akamtaka radhi. Mzee alimwekea mkono kichwani, akasema amekwisha kumsamehe, maana kusema kweli mbele ya mgeni si jambo jepesi.

Kisha Bi Fahima alimgeukia Bwana Kioko, akataka mashine ijaribiwe pale pale, jina la Ami Abdulkadir litoke na lake Bi Fahima liingie. Duara likatokea. Wakalitazama likizunguka. Bwana Kioko alikohoa, akakiri kwamba kwenye vituo vingi wafanyakazi huachiana tu mashine ikiwa wazi.

"Hapo ndipo penye tatizo," alisema Bi Fahima. "Mashine yako ni nzuri, Bwana Kioko, na picha zake nimezipenda. Lakini hapa watu hupokezana kila wiki ili kila mmoja aabudu kwa amani. Siwezi kununua kitu kitakachomfanya mmoja abebe kosa la mwingine. Ukiirekebisha, njoo tena."

Bwana Kioko alimshukuru kwa kumweleza wazi, akafungasha vitu vyake. Pola alipigiwa simu kabla gari la Kioko halijafika barabarani.

Baadaye, Bi Fahima alimkuta Afiya amekaa juu ya kreti ya soda.

"Unajua, mashine ile haikudanganya," alisema. "Ilisema ilichoambiwa, na wewe ndiye uliyeiambia. Nilikutuma uniletee ulichokiona, ukaniletea ulichokitaka. Hilo ni kosa, na sitalifunika. Lakini leo ulipoteza kitu unachokipenda ili mtu asionewe, nami nimekuona. Mtu akikuamini ukamtazamie jambo, mpelekee lilivyo, liwe linakupendeza au halikupendezi. Ukifanya hivyo, mimi nitaweza kwenda Kilifi hata kila siku."

Ijumaa iliyofuata, mashine ya kijivu ilikuwa juu ya kaunta. Bi Fahima alikuwa amemtuma Afiya atazame tena, na safari hii Afiya alikaa mikono ikiwa mapajani. Adhana ilipokaribia, Ami Abdulkadir alichomoa kadi yake, Sidi akatia ya kwake, na dereva wa tuktuk akajaziwa petroli kabla hajapata la kutania.

Ami Abdulkadir alitia kadi kwenye mfuko wa kanzu, akaupigapiga kwa kiganja.

"Haya, Afiya," alisema akitoka. "Leo nakwenda msikitini, na mashine pia inajua."